KIFUNGO CHA MAISHA NA PAROLE: ISTILAHI ZISIZOPASWA KUCHANGANYWA

1. Utangulizi

Katika kazi ya kusanifu istilahi, maneno ya sheria ya jinai yana uzito wa pekee. Neno la ufundi wa mitambo likikosewa, fundi huchelewa kidogo katika kazi yake. Neno la sheria likikosewa, mtu aweza kukaa gerezani akingojea siku ambayo haimo katika hukumu yake, au jirani aweza kukesha kwa hofu ya mtu ambaye kwa kweli bado yumo mikononi mwa dola. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kueleza kwa kirefu maswali mawili tuliyoletewa na baadhi ya watumishi na walimu wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. La kwanza: je, parole ni msamaha? La pili: je, mfungwa wa maisha aweza kupewa parole, na ikiwa hawezi, je, inafaa sheria imruhusu?

Swali la kwanza ni la lugha, nasi tunawajibika kulijibu. La pili ni la Bunge, la mahakama na la wananchi wenyewe. Lakini yeyote aliyewahi kusikiliza mabishano juu ya swali la pili atakubali kwamba aghalabu watu hawabishani juu ya jambo moja. Mmoja akisema parole, mwenzake husikia msamaha. Mmoja akisema maisha, mwenzake huhesabu miaka 20 au 30. Madhumuni ya makala haya ni kuyatenganisha maneno hayo, ili hoja ikutane na hoja.

Si ajabu kwamba maswali haya yametoka Ngara na Biharamulo. Mahakama Kuu, Kanda ya Bukoba, hufanya vikao vyake vya kesi za mauaji katika wilaya hizo pia, na hukumu husomwa mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Barabara zinazopita katika misitu ya Biharamulo zilipata sifa mbaya ya unyang'anyi wa kutumia silaha, hata ukafika wakati mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi. Ngara nayo imepakana na Rwanda na Burundi, na Kihangaza kinachosemwa huko ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Kwa hiyo mwananchi wa huko hulisikia jambo hili la kifungo cha maisha kwa lugha zaidi ya moja na kutoka mahakama za nchi zaidi ya moja. Akichanganyikiwa, kosa si lake.

2. Neno "maisha" katika kifungo cha maisha

Tuanze na neno lenyewe. Wako wanafunzi wanaodhani kwamba "maisha" limetokana na kitenzi "isha", yaani kufika mwisho, na hivyo kifungo cha maisha ni kifungo kitakachoisha. Maelezo hayo yanapendeza lakini si sahihi. "Isha" ni kitenzi chetu cha asili ya Kibantu. "Maisha" limetoka katika Kiarabu, kwenye shina lile lile lililotupa kitenzi "ishi". Kifungo cha maisha ni kifungo cha kipindi chote ambacho mfungwa anaishi.

Hata hivyo katika matumizi ya watu neno hili hubeba maana tatu zisizofanana. Maana ya kwanza ni ile ya moja kwa moja: mfungwa atakaa gerezani mpaka kufa kwake. Maana ya pili ni kifungo kisicho na tarehe ya mwisho. Hakuna anayejua kitakoma lini, lakini sheria yaweza kuweka utaratibu wa kukitazama upya. Maana ya tatu ni ya mitaani tu: kifungo kirefu mno, hasa kile cha miaka 30 kinachotolewa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Katika maeneo yaliyoteswa na majambazi si ajabu kusikia kwamba fulani "amepigwa maisha", kumbe amehukumiwa miaka 30. Tofauti si ndogo. Miaka 30 ina tarehe ya mwisho, na theluthi yake ni miaka 10. Maisha hayana theluthi, kwa kuwa hakuna ajuaye urefu wake.

Wafasiri wana tatizo lao katika jambo hili. Sheria zetu za jinai hutaja kifungo cha maisha kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya lazima: kwa mfano, tangu marekebisho ya 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana, mtu anayepatikana na hatia ya kumbaka mtoto wa chini ya umri wa miaka 10 huhukumiwa kifungo cha maisha. Namna ya pili ni ya ukomo wa juu: mtu aliyeua bila kukusudia aweza kupewa adhabu yoyote, na iliyo kubwa kuliko zote ni kifungo cha maisha. Jaji yu huru kumpa miaka 5, miaka 15 au pungufu ya hapo. Mfasiri akiandika "atafungwa maisha" katika mahali pote pawili, amefanya la hiari kuwa la lazima. Tunapendekeza kwamba mahali pa lazima paandikwe "atahukumiwa kifungo cha maisha", na mahali pa ukomo paandikwe "aweza kuhukumiwa hadi kifungo cha maisha". Neno "hadi" ni fupi, lakini hapo hubeba uhuru wote wa jaji.

Ni vema kukumbusha pia kwamba kwa kosa la kuua kwa kukusudia Kanuni ya Adhabu huamuru kifo. Adhabu hiyo haijatekelezwa nchini tangu 1994, nayo mara nyingine hubadilishwa na Rais kuwa kifungo cha maisha. Hivyo katika magereza yetu wako wafungwa wa maisha waliohukumiwa hivyo na mahakama, na wako walioufikia mlango huo kwa huruma ya Rais. Jina lao ni moja, lakini njia zao ni mbili.

3. Njia nne za kutoka gerezani

Mkanganyiko mkubwa zaidi umo katika maneno yanayoeleza namna mfungwa anavyotoka. Katika mazungumzo, na hata katika baadhi ya taarifa, yote huitwa "kuachiwa huru". Kwa kweli njia ni nne, na kila moja ina maana yake kwa mfungwa, kwa aliyetendewa kosa na kwa kijiji.

Ya kwanza ni rufani. Mahakama ya juu ikiona kwamba hatia haikuthibitishwa, huifuta hatia pamoja na adhabu. Mtu huyo kisheria si mkosaji tena. Hapa ndipo mahali pake halisi pa maneno "kuachiwa huru".

Ya pili ni kumaliza kifungo. Katika njia hii mna punguzo ambalo Sheria ya Magereza ya 1967 humpa mfungwa kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema, ambalo kwa kawaida ni theluthi moja ya kifungo. Watu wengi huliita "msamaha wa theluthi". Jina hilo linapotosha, maana punguzo hili si hisani ya mtu yeyote. Mfungwa hulichuma kwa mwenendo wake, na huweza kulipoteza kwa mwenendo wake. Tunapendelea liitwe "punguzo la kifungo".

Ya tatu ni msamaha wa Rais. Ibara ya 45 ya Katiba ya 1977 imempa Rais uwezo wa kusamehe, wa kuiahirisha adhabu, wa kuibadilisha iwe adhabu tahafifu, na wa kuifuta yote au sehemu yake. Msamaha huo waweza kuwa na masharti au usiwe nayo. Aliyesamehewa hakuondolewa hatia na mahakama. Kilichoondolewa ni adhabu.

Ya nne ni parole. Ilianzishwa na Sheria ya Bodi za Parole, Na. 25 ya 1994, na utekelezaji wake ulianza mwaka 1999. Mwanzoni ilihusu wafungwa wa vifungo vya miaka 8 au zaidi. Mwaka 2002 kiwango hicho kilishushwa kuwa miaka 4. Mfungwa awe amekwisha kutumikia theluthi moja ya kifungo chake na kuonyesha mwenendo mwema. Bodi huitazama taarifa yake ya gerezani pamoja na maoni ya huko alikotoka, kisha akikubaliwa huruhusiwa kuitumikia sehemu ya kifungo iliyobaki nje ya gereza, akiwa chini ya masharti na usimamizi. Akivunja masharti, hurudishwa ndani. Hatia haikufutwa, wala adhabu haikufutwa. Kilichobadilika ni mahali pa kuitumikia.

Mfano mmoja wa jambo linalojulikana na taifa zima utaonyesha umuhimu wa kutenganisha. Mwaka 2004 mwanamuziki Nguza Viking na watoto wake watatu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa ya kubaka watoto. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaona wawili kati ya watoto hao kuwa hawana hatia, ikathibitisha hatia ya baba na ya mtoto mmoja. Tarehe 9 Desemba 2017, katika sherehe za Uhuru, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, ambao 1,828 kati yao walitoka siku hiyo hiyo, na baba na mwana wale wakawa miongoni mwa waliosamehewa. Kwa hiyo wawili waliachiwa huru na mahakama, na wawili walisamehewa na Rais. Mitaani wote wanne husemwa kuwa "wameachiwa huru". Mtu aliyeambiwa hivyo hawezi kujua ni nani aliyeonekana hana kosa na ni nani aliyeondolewa adhabu. Hakuna hata mmoja wao aliyetoka kwa parole, maana sheria ya 1994 haikuwaruhusu.

4. Parole: neno na historia yake

Neno "parole" ni la Kifaransa, na maana yake ni neno litokalo kinywani, hasa neno la ahadi. Zamani katika vita vya Ulaya askari aliyetekwa aliweza kuruhusiwa kuondoka akitoa neno lake la heshima kwamba hatashika silaha tena. Waingereza walilichukua neno hilo wakalitumia kwa askari, na baadaye kwa wafungwa wa makosa ya jinai. La kushangaza ni kwamba Wafaransa wenyewe hawaliti jambo hilo hivyo. Wao husema kufunguliwa kwa masharti.

Wako wanaotuuliza kwa nini tusiwe na neno letu. Maneno yaliyopendekezwa mara kwa mara ni mawili. La kwanza ni "kifungo cha nje". Neno hili tayari limezoeleka kwa adhabu nyepesi ambazo mtu huzitumikia akiwa kwake kwa kufanya kazi za umma, na baadhi ya watu hulitumia hata kwa adhabu ya huduma kwa jamii iliyowekwa na sheria ya 2002. Kulitwika na parole ni kumfanya mtu aliyetoka gerezani baada ya miaka mingi aonekane sawa na aliyehukumiwa kufagia soko. La pili ni "uangalizi". Nalo limekwisha kutumika kwa wakosaji ambao mahakama haikuwapeleka gerezani kabisa bali iliwaweka chini ya maofisa wa Idara ya Huduma za Uangalizi. Istilahi njema ni ile inayotaja jambo moja. Maadam "parole" limo katika jina la sheria na la bodi zenyewe, na maadam silabi zake pa-ro-le zinatamkika bila taabu kwa Mswahili, tunaona libakie. Lihesabiwe katika ngeli ya "habari": parole yake imekubaliwa, parole hii imefutwa. Tahajia "paroli" na "paro" ziachwe.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Katika habari za nje husikika maneno "kifungo cha maisha bila parole". Maneno hayo hutoka Marekani, ambako ziko sheria zinazotenga kifungo cha maisha chenye nafasi ya parole na kile kisicho nayo. Mfasiri wa habari akiyaleta kwetu pasipo maelezo, msikilizaji hudhani kwamba kwetu nako mna aina hizo mbili. Chini ya sheria ya 1994 aina ilikuwa moja tu: wafungwa wa maisha walitengwa kabisa na parole, pamoja na waliofungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa dawa za kulevya na kwa kubaka.

5. Jirani zetu na neno hili hili

Tukitoka Ngara mjini na kuvuka daraja la Rusumo, tunaingia Rwanda. Huko kifungo cha maisha huitwa "igifungo cya burundu", na "burundu" maana yake ni moja kwa moja, pasipo kurejea. Rwanda ilipofuta adhabu ya kifo mwaka 2007, iliweka mahali pake aina mbili: burundu ya kawaida, na "burundu y'umwihariko", yaani ya namna ya pekee, ambayo mfungwa wake hakuweza kufikiriwa kwa msamaha wala kufunguliwa kwa masharti kabla ya kutimiza miaka 20. Aina hiyo ya pili iliondolewa katika sheria ya adhabu ya 2018. Tunalolipata hapa ni kwamba lugha iliyo jirani kabisa na Kihangaza ilipohitaji kutaja aina mbili ilitafuta majina mawili, ijapokuwa neno lake la msingi hutamka wazi kwamba hakuna kurejea.

Habari ya Rusumo inatupeleka Arusha. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja hilo kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Miongoni mwa waliovuka alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ndogo ya Rusumo yalikotokea mauaji ya kanisa la Nyarubuye. Mwaka 2001 alikamatwa mkoani Kigoma. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu miaka 30. Tarehe 7 Julai 2006 majaji wa rufani waliiongeza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha.

Watu wa Ngara waliozipokea familia zilizokimbia, na walioiona miili ikichukuliwa na mto Kagera, wana haki ya kuuliza maana ya "maisha" katika hukumu hiyo. Kanuni za mahakama ile zilitaja kifungo kwa muda wote uliosalia wa maisha ya mhukumiwa. Hata hivyo mahakama hiyo ilifungwa mwisho wa 2015, na kazi zake zilizobaki zilirithiwa na chombo cha Umoja wa Mataifa chenye ofisi Arusha na The Hague. Chombo hicho, katika uamuzi wa 2015 uliohusu mfungwa wa vita vya Bosnia, kilieleza kwamba kifungo cha maisha kihesabiwe kuwa kizito kuliko kifungo kirefu kuliko vyote chenye idadi ya miaka, yaani miaka 45. Na kwa kuwa mfungwa hufikiriwa baada ya theluthi mbili, mfungwa wa maisha hawezi kufikiriwa kabla ya kupita miaka 30. Kufikiriwa si kutolewa. Lakini ni dhahiri kwamba hata kwa makosa makubwa kuliko yote, neno hilo lilipewa maana ya pili kati ya zile tatu tulizotaja: kifungo kisicho na tarehe ya mwisho, ila chenye utaratibu wa kukitazama upya.

Uganda imetupa funzo la namna nyingine. Sheria yake ya Magereza ya 2006 ilisema kwamba kwa ajili ya kuhesabu punguzo, kifungo cha maisha kichukuliwe kuwa miaka 20. Kikokotoo kikageuka kuwa maana, na watu wakaamini kwamba maisha ni miaka 20. Mwaka 2011 Mahakama Kuu kuliko zote ya nchi hiyo, katika shauri la Tigo, ilikata kwamba kifungo cha maisha ni cha uhai wote wa mtu, na ile miaka 20 ni ya hesabu ya magereza tu. Kenya nako, Julai 2023, Mahakama ya Rufani ikiketi Malindi ilisema kwamba kifungo cha maisha kisicho na matumaini ya kutoka kinapingana na katiba, ikampa mrufani miaka 40. Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo na kukirudisha kifungo cha maisha, kwa hoja kwamba kazi ya kueleza maana yake ni ya Bunge. Kwa maneno mengine, majaji wa nchi mbili jirani wamelazimika kufanya kazi ya kamusi.

6. Hoja zenyewe

Sasa tuzitazame hoja, kila moja kwa jina lake.

Wanaotaka mfungwa wa maisha aruhusiwe kufikiriwa kwa parole husema kwamba mtu aliyefungwa akiwa na miaka 20 si yule yule akiwa na miaka 50. Husema pia kwamba mfungwa asiye na tumaini lolote hana sababu ya kushika nidhamu wala kujifunza kazi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Vinter la mwaka 2013 dhidi ya Uingereza, iliamua kwamba mfungwa wa maisha lazima awe na utaratibu wa kutazamwa upya. Fikra ya namna hiyo haikosekani katika lugha yetu. Zanzibar gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, na mfungwa huitwa mwanafunzi. Neno hilo lina ahadi ndani yake, kwa kuwa mwanafunzi ni mtu anayetarajiwa kuhitimu.

Wanaopinga hawakosi sababu. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Mzazi wa mtoto aliyenajisiwa, au jamaa wa mtu mwenye ualbino aliyeuawa katika mikoa ya Ziwa, haoni ni vipi hesabu ya miaka iweze kufanana na alichopoteza. Kijijini watu hukutana kisimani, sokoni na msibani kila siku. Hakuna umbali kama wa mjini. Pia wanahoji usimamizi wenyewe: ni ofisa gani atakayemfuatilia mtu huyo katika kijiji kilicho mbali na makao ya wilaya, na kwa usafiri gani? Hoja hii ya mwisho ni nzito, na haijibiwi kwa maneno mazuri.

Lakini tukizichambua hoja za upande huu tunaona kwamba nyingi ni hoja dhidi ya msamaha. Husema: asisamehewe, asisahauliwe, asitembee kama mtu asiye na deni. Parole, kwa maana yake halisi, haimpi mfungwa hata kimoja kati ya hivyo. Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo tunadhani limefichwa na mchanganyiko wa maneno. Sheria ya 1994 ilimfungia mfungwa wa maisha mlango wa parole, ambao una usimamizi, masharti na uwezekano wa kurudishwa ndani. Haikuufunga, wala isingaliweza kuufunga, mlango wa msamaha wa Rais, ambao uko katika Katiba na unaweza kumtoa mtu bila sharti lolote na bila jirani yeyote kuulizwa. Anayeogopa kumwona mkosaji mkubwa akirudi kijijini bila kusimamiwa na mtu, na anayedhani kwa hiyo kwamba parole ndiyo hatari, amelinda mlango mmoja na kuuacha mwingine. Aweza bado kuikataa parole kwa sababu nyingine, lakini aikatae akijua ni nini anachokikataa.

Ni lazima kuongeza kwamba parole ya mfungwa wa maisha isingefanana na ile ya mfungwa wa miaka 10. Ya mfungwa wa miaka 10 hukoma siku kifungo kinapokoma. Ya mfungwa wa maisha haina siku ya kukoma. Uingereza mfungwa wa maisha anayetolewa hubaki chini ya masharti mpaka kufa, na huweza kurudishwa gerezani hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo kama jambo hilo litaletwa kwetu litahitaji istilahi mbili zaidi: moja kwa muda ambao lazima autumikie kabla hajafikiriwa, nyingine kwa parole isiyokoma. Tumeziweka katika orodha ifuatayo.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Kifungo cha maisha: kifungo kisicho na tarehe ya mwisho, kinachodumu kwa uhai wote wa mfungwa isipokuwa kimebadilishwa au kufutwa kwa njia ya sheria. Kisitumike kwa kifungo cha miaka 30 wala kwa kifungo chochote chenye idadi ya miaka.

Hadi kifungo cha maisha: maneno ya kutaja ukomo wa juu wa adhabu ambayo jaji ana hiari nayo.

Muda wa chini: miaka ambayo mfungwa lazima aitumikie gerezani kabla hajafikiriwa kwa parole.

Punguzo la kifungo: sehemu ya kifungo anayopunguziwa mfungwa kwa bidii na mwenendo mwema. Kisiitwe msamaha.

Msamaha wa Rais: kuondolewa adhabu, yote au sehemu, kwa uwezo aliopewa Rais na Katiba.

Adhabu tahafifu: adhabu nyepesi inayowekwa mahali pa ile nzito iliyotolewa na mahakama, kama vile kifungo cha maisha mahali pa kifo.

Parole: ruhusa ya kutumikia sehemu ya kifungo iliyobaki nje ya gereza, chini ya masharti na usimamizi.

Parole isiyokoma: parole ya mtu ambaye kifungo chake hakina tarehe ya mwisho.

Kufuta parole: kumrudisha gerezani mtu aliyevunja masharti. Kisichanganywe na kufuta adhabu.

Kuachiwa huru: kutoka kwa sababu mahakama haikuona hatia au imeifuta. Aliyesamehewa aandikwe "amesamehewa". Aliyemaliza kifungo, "amemaliza kifungo". Aliye katika parole, "ametolewa kwa parole".

8. Hitimisho

Maofisa watendaji wa vijiji na kata, na maofisa wa ustawi wa jamii, ndio watakaoyatumia maneno haya kabla ya wengine, kwa sababu ndio wanaoulizwa habari za huko mfungwa alikotoka. Tunawashauri kwamba swali linapopelekwa kwa wanakijiji au kwa familia iliyodhulumiwa, lisiwe: je, fulani asamehewe? Swali hilo si la parole, na jibu lake mara nyingi litakuwa hapana, nalo litakuwa jibu la haki. Liwe: fulani bado ni mfungwa, akitumikia kifungo chake hapa kwa masharti haya, je, mtampokea, na mnaogopa nini? Aliyeumizwa akiulizwa hivyo aweza kusema hofu yake pasipo kulazimishwa kutamka msamaha ambao haumo moyoni mwake. Waweza kukataa parole bila kuitwa wenye kinyongo, na waweza kuikubali bila kuonekana wamesahau marehemu wao.

Walimu nao wanaweza kutumia orodha hii katika masomo ya Uraia na Kiswahili, kwa kuwapa wanafunzi taarifa za magazeti na kuwataka waeleze mtu anayetajwa ametoka kwa njia ipi kati ya zile nne. Wafasiri wa sheria wana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, na neno watakaloliandika leo ndilo litakalosomwa mbele ya mshtakiwa.

Tungependa kupata maoni ya wasomaji juu ya istilahi hizi, hasa "muda wa chini" na "parole isiyokoma", ambazo hazijazoeleka. Wale walio Ngara, Biharamulo na kwingineko mipakani watuandikie pia maneno ambayo wananchi wanayatumia kwa Kihangaza, Kishubi, Kizinza au Kisukuma kumtaja mtu aliyerudi kutoka gerezani kwa kila mojawapo ya njia hizi. Huenda katika lugha hizo mkawa na neno linalofaa zaidi kuliko tuliyoyapendekeza hapa.